Karatasi ya Mwenzi

Daktari alizungumza kama mtu anayekimbizwa. Jina lake Elijah, kijana kutoka kusini mwa nchi, na foleni ya kliniki yake ndogo mjini Lodwar ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta kufuata kivuli. Hakuwa na nafasi ya kurudia neno.

"Ni STI," alisema huku akiandika. "Tumeiwahi. Leo nampa sindano, na hivi vidonge ni vya wiki mbili, amalize vyote. Sasa mama, sikiza vizuri. Akae mbali na mwenzi wake mpaka na yeye atibiwe. Mwenzi akuje hapa na hii karatasi. Bila mwenzi, hii dawa ni kazi bure. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Helen.

Hawakuelewana hata kidogo. Helen alikuwa mpishi wa shule ya chekechea huko Kanamkemer, mama wa watoto watatu, na Kiswahili alikiokota ukubwani, sokoni na kanisani. Kilimtosha kununulia chumvi na kuombea mvua. Lakini ulimi wa Kiturkana na ile n ya daktari havikupatana; n ikadondoka njiani, na kilichomfikia Helen sikioni kilikuwa "mwezi". Na kwa nini asisikie hivyo? Binti yake Akal, msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha pili, alikuwa amelalamikia tumbo la chini kwa wiki tatu. Tumbo la chini la msichana lina habari gani nyingine isipokuwa mwezi?

Hata hivyo walipotoka nje aliuliza, maana kuuliza si ujinga.

"Hiyo estiai ni nini?"

Akal alikuwa akifunga vidonge kwenye leso. "Ni infection, mama."

"Ya wapi?"

"Ya tumbo."

"Na mwesi? Daktari amesema mwesi yako ifanye nini?"

Akal alimtazama mama yake. Insha zake za Kiswahili zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa, na alijua barabara kwamba daktari alisema mwenzi, na kwamba STI ni ugonjwa wa zinaa. Angekuwa na moyo wa kusema ukweli, pale ndipo palikuwa mahali pake, juani, hakuna mtu karibu. 

"Amesema nisishike maji baridi mwezi ikikuja. Nikimaliza dawa, basi."

"Na hii karatasi?"

"Weka tu."

Helen akaikunja, akaitia ndani ya kipochi anachovaa shingoni, pamoja na kitambulisho chake. Wakaenda zao, mama akiwa na furaha kwamba ugonjwa wa mtoto una jina na una dawa.

Na kama kuna mgonjwa aliyewahi kutunzwa Kanamkemer, ni Akal. Helen hakuwa mtu wa nusu nusu. Aliposikia mwezi umeingia, alimkataza binti kuteka maji, akamkataza kulala chini pasipo mkeka, akampikia uji moto asubuhi na jioni mpaka wadogo zake wakanung'unika kwamba wao pia wana matumbo. Alimhesabia vidonge kimoja kimoja kiganjani. Jirani alipouliza, alijibu waziwazi kwamba daktari amegundua estiai, lakini ni ile ya mwezi, si mbaya. Jirani yule alisoma mpaka darasa la nane. Alisema "Ohoo," akavuta kanga yake, akaondoka, na tangu siku ile hakutuma tena watoto wake kuomba chumvi.

Mume wake, Ekwam, hakuwapo. Ukame ulipommalizia mifugo alihamia Kataboi kwa ndugu zake wavuvi, na alirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili akinuka samaki na kuuliza maswali mafupi. Helen alimpigia simu akamwambia mtoto anaendelea vizuri.

Mtoto hakuendelea vizuri. Mwezi wa saba walimu walikuwa wamegoma, shule zimefungwa, Akal yuko nyumbani mchana kutwa. Na asubuhi moja Helen alimkuta amejikunja juu ya mkeka, ameuma pembe ya shuka, jasho limemtoka. Tumbo lile lile. Helen aliogopa sana. Alikuwa amefanya kila kitu alichoambiwa, na mtu anayefanya kila kitu kisha akashindwa hajui pa kushika.

*

"Mwenzi alikuja?" aliuliza Elijah, safari hii akiwa amemtazama Helen usoni.

"Ilikuja, daktari."

"Mimi sikumwona."

"Ilikuja nyumbani."

"Nyumbani kwako?" Kalamu ilisimama. "Akakaa?"

"Siku nne."

"Siku nne! Na wewe mama ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo tu. Nilipika uji ya moto, nilikataza huyu asiteke maji."

"Ukapika na uji!"

"Kila mwesi napika," alisema Helen, akiona anasifiwa. "Hata yangu ikikuja, tunakunywa pamoja na yeye."

Benchi la wagonjwa lilikuwa mlangoni kabisa, na mlango ulikuwa pazia tu. Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akakohoa ili asicheke. Halafu kicheko kikakimbia benchi zima kama moto kwenye nyasi, na Helen akageuka na yeye akitabasamu, maana hakujua kinachochekwa.

Muuguzi mmoja, Abei, mwanamke wa Kiturkana wa makamo, ndiye aliyeacha kabati la dawa akaja kuchuchumaa mbele yake. Akamsemesha kwa lugha ya nyumbani, polepole, kwa sauti ya chini.

"Dada yangu, daktari hasemi elap. Si mwezi ule wa juu wala ule wa wanawake. Anasema mwenzi. Yule kijana wake. Ugonjwa huu huchukuliwa kwa mtu, na watu wenyewe ni wawili. Mmoja akitibiwa na mwingine akaachwa, wanarudishiana."

Tabasamu la Helen lilibaki usoni muda kidogo, halina kazi. Kisha akamgeukia binti yake. Akal alikuwa akiitazama mizani ya kupimia watoto.

"Tumempima, hana mimba," alisema Elijah, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, labda kwa kuona haya. "Na damu ya ukimwi pia tumepima, iko sawa, tutarudia baada ya miezi mitatu. Lakini hii ikirudi rudi, inaziba kizazi. Ataolewa, atatafuta mtoto, hatapata. Nimtibu leo, sawa. Kijana asipotibiwa, mwezi ujao mko hapa tena."

"Mficha uchi hazai," alisema Abei. Helen aliwahi kusikia msemo huo kanisani akaucheka. Leo ulisimama mbele yake bila kufunikwa chochote, ukimtazama mtoto wake.

*

Waliketi nyuma ya kliniki, kwenye tofali. Helen alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia. Mikono yake haikujua itii lipi, ikabaki imeshika kipochi.

"Ulisikia daktari siku ile?"

"Nilisikia."

"Ulisikia mwenzi?"

"Ee."

"Na mimi nikasema mwesi."

"Ulisema mwezi, nikanyamaza." Akal alianza kulia kimyakimya. "Ilikuwa rahisi, mama. Wewe ndiye ulisema. Mimi sikudanganya."

"Ulikunywa uji yangu!"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na alishangaa mwenyewe kwamba ni uji. Kumbe wiki zile zote alikuwa akipigana na adui ambaye hayupo, na binti yake ameketi pale anamtazama anavyorusha mishale hewani. Alimlea mtoto huyu asome ili awe macho yake na masikio yake. Sasa masikio yenyewe ndiyo yamemfunga.

"Ni nani?"

Akal akachora chora mchangani kwa kidole. "Anaitwa Thon. Msudani. Yuko form three, shule ya bweni hapa mjini. Sasa wamefunga, ameenda kwao Kakuma."

"Ana miaka ngapi?"

"Kumi na nane."

"Yeye anajua kama wewe ni mgonjwa?"

"Hapana. Nikimwambia atasema mimi ndiye nilitoa kwingine." Akainua uso. "Na mimi sijatoa kwingine, mama. Naapa."

Helen alimwamini. Halafu akakumbuka kwamba alimwamini hata alipoambiwa maji baridi. Akabaki hapo katikati, hajui mguu mmoja uende wapi.

"Baba akijua?" aliuliza Akal.

"Baba atajua samaki. Wewe niandikie hiyo nyumba iko wapi."

*

Kakuma ilimpokea Helen kwa vumbi na lugha. Alishuka kwenye basi saa nne asubuhi, akiwa na karatasi mbili kipochini: moja ya kliniki, moja aliyoandika Akal kueleza njia. Alimwita kijana wa boda boda na kumkabidhi karatasi, kama anavyofanya mtu asiyesoma: anatoa, anatulia, anaacha wenye macho wasome.

Kijana alisoma. Akasoma tena. Kisha akairudisha kwa ncha za vidole viwili.

"Mathe, hii si direction. Hii ni ya... hii ni ya wale wanatafutwa hospitali."

Helen akatoa ile nyingine. Kijana alimpeleka, lakini njia nzima alikaa mbele kabisa ya kiti, nusu yake juu ya tangi, asije akaguswa.

Nyumba ilikuwa ndani ya kambi ya wakimbizi, nyuma ya kanisa la udongo, imezungushiwa ua wa miiba ya mathenge. Mwanamke mrefu, mweusi, mwenye alama za kabila kwenye paji la uso, alikuwa akiuza sabuni na unga juu ya meza. Huyu ndiye Agot, mama yake Thon. Kiswahili chake alikuwa amekipata kwenye foleni ya posho, na kilikuwa kimekatika pembe kuliko hata cha Helen. Walisalimiana, "ejok," maana hilo kila mtu Kakuma analijua, na baada ya hapo wakabaki kila mmoja na lugha yake.

Helen alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile ndani ya basi, midomo ikitembea peke yake, mpaka abiria wa jirani akadhani anasali.

"Mimi mama ya Akal. Kutoka Lodwar. Akal anasoma na Thon."

"Thon, ee. Thon mtoto yangu."

"Thon," alisema Helen, akavuta pumzi, "ni mwen-si yake."

"Mwezi?" aliuliza Agot.

"Mwensi. Na sasa mtoto tumbo yake ni mbaya."

Agot alisimamisha mkono juu ya sabuni. Polepole mkono ule ukaenda kwenye tumbo lake mwenyewe. "Tumbo? Ya Thon?"

"Ee. Ya Thon," alisema Helen, akafurahi kwamba ameeleweka upesi hivyo.

"Mwezi ngapi?"

Helen akapiga hesabu tangu maumivu yaanze. "Mwezi mbili. Inaingia tatu."

Agot alijishika kichwa. Akaita jina la Mungu kwa Kidinka, na Helen akajikaza kupokea matusi. Badala yake mwanamke yule alimshika mikono yote miwili, akamwingiza uani, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akampangusia vumbi miguuni kwa kanga yake. Chai ikaja, nyeusi, yenye sukari nyingi. Helen akainywa kwa mshangao. Watu hawa wanapokea ugonjwa vizuri, aliwaza. Sisi tungekuwa tunapigiana kelele mpaka sasa.

Punde akaja mjomba. Mamer alikulia kambini, alifundisha watoto kanisani, na Kiswahili chake kilinyooka. Lakini alikuwa ameshasimuliwa na dada yake, na mtu aliyesimuliwa haulizi.

"Mama, karibu," alisema, akaketi. "Sisi hatukimbii. Kijana wetu ameharibu binti wa watu, na jambo kama hilo linaongewa na wazee, si polisi. Hapa kambini hatuna ng'ombe, lakini nyumbani Bor wapo. Mtoto akizaliwa ni wetu. Na wewe hutarudi Lodwar mikono mitupu."

Mtoto akizaliwa. Helen alitua kikombe. Maneno yalimzunguka kichwani, ng'ombe, mtoto, wazee, na yalipotulia akaelewa ni kitu gani Agot alichokisikia. Alifungua mdomo arekebishe.

Akaufunga.

Kwa sababu, tuseme ukweli, pale kwenye kiti cha mgongo palikuwa pazuri. Alikuwa mkwe. Miguu yake imepanguswa. Ekwam, aliyezika zizi zima kwa mwaka mmoja, angesikia neno ng'ombe, angerudi kutoka Kataboi anaimba. Mimba ina mlango wa kutokea, ina wazee, ina mahari. Ugonjwa una nini? Una vidole viwili vya kijana wa boda boda. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Wao ndio waliosema. Yeye hakudanganya mtu.

Aliposikia wazo lile ndani yake, aliitambua sauti. Ilikuwa ya Akal, juu ya tofali, nyuma ya kliniki.

"Hapana mimba," alisema Helen kwa nguvu, akainuka. "Wamepima. Hakuna mtoto. Ni ugonjwa. Estiai. Akal iko nayo, Thon iko nayo, wanapeana. Kizazi ya mtoto yangu itafunga. Nimekuja Thon apate dawa. Ng'ombe sitaki." Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli mpaka mwisho sasa, akaongeza, "Nataka, lakini si ya hii."

Mamer alitafsiri kwa dada yake kwa sentensi moja fupi. Uso wa Agot ulibadilika rangi.

"Mama," alisema Mamer, akisimama, "umekaa hapa umekunywa chai yetu ukijua umekuja kutupaka uchafu? Ugonjwa huo hautoki nyumba hii. Huyu kijana anaimba kanisani. Nenda katafute huko Lodwar kwa madereva wenu." Akachukua kikombe, bado kina chai nusu, akakimwaga nje ya ua na kukiacha hukohuko, juu ya mchanga.

Helen alitoka. Hakulia. Alisimama upande wa pili wa miiba, jua limesimama utosini, karatasi mkononi, asijue kama arudi aitupe ndani ya ua au aende nayo nyumbani. Alikuwa amekuja na maneno matatu tu ya kusema na yote matatu yamekwisha. Ndani alimsikia Mamer akifoka, na sauti ya Agot ikijibu, chini, halafu juu, halafu peke yake.

"Ya Thon! Taal ini!"

Alikuwa akimwita mwanawe aje, kwa Kiarabu cha Juba. Kitambo kidogo Agot akatokea langoni, anamvuta mvulana mrefu kwa ukosi wa shati. Kijana alikuwa nyuma ya pazia muda wote, na macho yake mekundu yalieleza kwamba hakuhitaji kutafsiriwa chochote.

"Karatasi," alisema Agot, akanyoosha mkono.

Helen akampa. Agot akaitazama, kichwa chini miguu juu, kwa uzito wa mtu anayesoma; kisha akaibandika kifuani kwa mwanawe. Thon aliigeuza, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyoandikwa.

"Akal yuko sawa?" aliuliza.

"Hayuko sawa. Amekunja kwa mkeka. Wewe unaumwa?"

"Ilikuwa inawasha tu kidogo. Nikafikiri imeisha." Akatazama mlango wa ua, ambako mjomba wake alikuwa bado akifoka. "Mama Akal, hii karatasi ni ya mtu mmoja?"

"Ni yako."

"Haitoshi."

"Haitoshi nini?"

Thon alijikuna shingo. "Kuna Nyariek. Anakaa na shangazi yake, ng'ambo ya laga."

Jina hilo Agot alilielewa pasipo mkalimani. Alipiga makofi mara moja, kwa uchungu, akageuza uso. Helen yeye hakuelewa mara moja. Ilibidi ajipangie mwenyewe kwa vidole. Nyariek kwa Thon. Thon kwa Akal. Akal kwa sindano, kwa vidonge, kwa uji, kisha shule zifunguliwe na kidole kirudi kilikoanzia. Nyariek naye kwa nani? Hakutaka kujua. Basi la kurudi Lodwar lilikuwa linaondoka saa nane. Alikuwa ametukanwa ua mmoja leo, na hakuona ni kwa nini ua wa pili umpokee kwa heri. Msichana yule hakuwa wake. Shangazi yule hakuwa na lugha ambayo Helen aliijua hata kwa neno moja. Na bado, yupo mtoto mahali fulani ng'ambo ya laga, mto ule mkavu, amejikunja juu ya mkeka au atajikunja, na mtu mzima amekaa karibu naye anampikia uji.

"Vaa viatu," alimwambia Thon.

"Twende wapi?"

"Kwa huyo shangazi."

Kijana alirudi hatua moja. Agot, ambaye hakuwa ameelewa maneno yote ila alielewa hatua, alimsimamia nyuma, akawa ukuta.

"Mama, tafadhali. Utamwambia nini?"

"Mimi sitasema kitu," alisema Helen. "Kiswahili yangu ni mbaya. Utasema wewe."